Stowe, Buckinghamshire: nendeni mkaone mitungi ya mawe

Naanza na nyota ili asiyependa maneno mengi aondoke mapema: nyota nne na nusu kati ya tano, na hiyo nusu iliyopungua ni ya upepo na matope, bustani yenyewe haina kosa. Stowe ni ile bustani kubwa ya zamani iliyo karibu na mji wa Buckingham, na mahekalu yake siyaandikii chochote kirefu maana kila anayekwenda anayapiga picha, mi naandika kuhusu mitungi ya mawe, ile mikubwa iliyochongwa ikasimamishwa juu ya kitako kwenye nyasi au katikati ya maji, ambayo watu wengi wanaipita wakidhani ni pambo la kujazia nafasi tu. Kazi yangu hapa Uingereza ni ya bustani, napanda, nakata, nabeba, na katika kubeba huko nimeshika mitungi ya mawe ya kila aina, ya kweli na ya feki, kwa hiyo nikiingia bustani ya watu macho yanakwenda kwenye jiwe kabla ya ua. Na maua yenyewe Stowe sio mengi, uambiwe mapema usije ukanilaumu. Ni nyasi, miti, maji na mawe. Ukitaka waridi na vitanda vya rangi rangi tafuta bustani nyingine, ziko tele.

Unaingilia New Inn, nyumba ya wageni iliyojengwa mwaka 1717 na mwenye mali, Lord Cobham, kwa ajili ya watu waliokuwa wanakuja kushangaa bustani yake. Yaani mzee alikuwa na hoteli ya watalii karne tatu zilizopita! Na mwaka 1744 kuna bwana wa pale Buckingham anaitwa Benton Seeley akachapisha kitabu cha kumwongoza mgeni kwenye hiyo bustani, cha kwanza cha aina yake Uingereza. Kwa hiyo ukijiona umesimama pale na simu unapiga picha usijione mshamba, shughuli hiyo ndo iliyofanya pajengwe. Ukitoka New Inn unatembea mpaka geti la bustani, halafu pale ndo panafunguka, ziwa la Octagon liko mbele yako na nyumba kubwa iko juu kule mbali kwenye kilima. Nyumba ni shule siku hizi, tangu 1923, na bustani iko chini ya National Trust, shirika la hisani linalotunza sehemu za kihistoria, tangu 1989. Mwenye kadi ya National Trust bustanini haingii mfukoni, ila kuiona nyumba kwa ndani ni mambo ya shule na ni malipo mengine, na mimi kusema ukweli nyumba siiendei.

Haya, mitungi. Wa kwanza kuutafuta ni ule unaoitwa Chatham Urn, uko kwenye kisiwa kidogo ndani ya hilo ziwa la Octagon, kwa hiyo hauwezi kuugusa, unautazamia ukingoni. Chukua darubini hata ndogo, utanishukuru. Uliochongwa mwanzo ni kazi ya John Bacon, mwaka 1780, kumkumbuka William Pitt mkubwa, Earl of Chatham, yule aliyeiongoza Uingereza kwenye Vita vya Miaka Saba na baadaye akawa waziri mkuu. Aliyeagiza uchongwe ni mjane wake, Lady Chatham, ambaye kwao ni ukoo huuhuu wa Stowe, akauweka nyumbani kwao Burton Pynsent kule Somerset. Sasa fuatilia safari ya hilo jiwe: Somerset, halafu likaja Stowe, likawekwa kisiwani 1831, mwaka 1848 ukoo ukafilisika likauzwa, likapita mikono mingine, na leo liko Chevening, ile nyumba ya Kent ambayo kwa kawaida hutumiwa na waziri wa mambo ya nje wa Uingereza. Unaouona pale kisiwani ni nakala iliyochongwa upya.

Najua kuna mtu keshasonya, "kumbe feki". Subiri kwanza. Wa Chevening ndo wa mkono wa Bacon, sawa, lakini mtungi huu ulipokaa Stowe ulikuwa na kazi yake, ulikuwa kituo cha macho, unatembea ukingoni ukauona, ukizunguka kidogo miti inaufunika, ukienda mbele unatokea tena upande mwingine na maji chini yake yanaugeuza kichwa chini. Bustani za mtindo huu, za kina William Kent na baadaye Capability Brown (aliyekuwa mkuu wa bustani hapahapa kuanzia 1741 mpaka 1751), zimepangwa kwa kuangalia, kila kona wameshakuamulia utaona nini. Toa mtungi, unabaki na kisiwa chenye majani. Kwa hiyo mimi nakala iliyokaa mahali pake naipa alama nyingi kuliko jiwe la asili lililohamishiwa kwa watu wengine, na kama hukubali nenda kasimame pale ukingoni halafu uzibe mtungi kwa kidole uone.

Halafu jambo ambalo nadhani wengi hawalijui. Hii mitungi ya mawe ina koo mbili. Kuna ile yenye mfuniko, na hiyo babu yake ni chombo cha Warumi cha kuwekea majivu ya maiti, kwa hiyo ukiikuta bustanini ujue mara nyingi ni ukumbusho wa mtu hata kama ndani hamna kitu (Pitt mwenyewe kazikwa Westminster Abbey, huko Stowe hajazikwa, na pale Abbey mnara wake ni wa mkono wa Bacon huyuhuyu). Na kuna ile ya mdomo wazi, umbo la kengele iliyogeuzwa, hiyo babu yake ni chombo cha Wagiriki cha kuchanganyia divai na maji, yaani chombo cha karamu. Miwili iliyoigwa kuliko yote ni mtungi wa Medici ulioko Uffizi, Florence, na wa Borghese ulioko Louvre, Paris. Vijana wa kitajiri wa Kiingereza walikuwa wanapelekwa Italia kutembea na kusoma, wakirudi wanataka bustani zao zifanane na walichokiona, ndo maana ukizunguka mashamba ya mabwana hapa England unakutana na Medici na Borghese kila mahali, wakubwa, wadogo, wa jiwe, wa chuma. Mtungi wa Borghese umezungukwa na msafara wa mungu wa divai wa Wagiriki na wafuasi wake wamelewa chakari, halafu unaukuta kwenye bustani ya mzee mmoja mpole anayeenda kanisani kila Jumapili, hana habari. Mi huwa nacheka peke yangu. Ukishajua tofauti ya mfuniko na mdomo wazi, matembezi yanabadilika, unaanza kuuliza hapa wanalia au wanakunywa.

Ninaoupenda mimi zaidi ya wote haujasimama peke yake hata. Majini hapohapo Octagon kuna mnara wa Congreve, uliobuniwa na yule William Kent, 1736, kumkumbuka William Congreve mwandishi wa michezo ya kuigiza. Ni piramidi iliyokatwa ncha, ubavuni pamechongwa mtungi, na kwenye mtungi kuna kichwa cha mungu Apollo, filimbi za mianzi na sura mbili za bandia, ya kicheko na ya kilio, na juu kabisa piramidini amekaa nyani anajiangalia kwenye kioo. Nyani, na kioo, kwenye ukumbusho wa marehemu! Chini kuna Kilatini kinachosema komedi ni kuiga maisha na ni kioo cha tabia za watu. Hebu fikiria familia yako inakujengea kaburi na nyani juu. Lakini ndo akili ya watu wa Stowe wakati ule, walikuwa na siasa zao, wana maneno yao ya kupigana vijembe kwa mawe, hekalu la maadili ya kale lilijengwa likiwa zima na lile la maadili ya siku zao likajengwa likiwa gofu makusudi. Kwa darubini yale masikio ya nyani unayaona vizuri. Watoto wote wanampenda, watu wazima wengi hawamwoni.

Wa tatu ni wa Marquess of Buckingham, mmoja wa wenye mali wa baadaye, uko nyuma ya lile jengo la British Worthies lenye vichwa vya kina Shakespeare, Newton na Malkia Elizabeth wa Kwanza. Mwanawe alimwekea baba yake 1814. Mwaka 1931 ukahamishiwa upande wa shule, pale pakabaki patupu miongo na miongo, mpaka 2018 wakasimamisha nakala. Huu uko nchi kavu, unaweza kuuzunguka, na nakushauri uuzunguke kweli, maana mtungi wa jiwe ukiuangalia upande mmoja tu umeangalia nusu. Na usiwe na haraka ya kuondoka hapo, jua likishuka kivuli kinatembea juu ya jiwe na kila mchongo unasimama.

Basi umeshaona mtindo wa hii sehemu, kila kitu kilitoka na kinarudi kwa nakala. Sababu ni pesa. Duke wa pili wa Buckingham alikuwa na madeni ya zaidi ya pauni milioni moja, pesa ya wakati ule jamani, na mwaka 1848 wakafanya mnada wa siku 40, wakauza mpaka vijiko. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakauza tena kilichobaki. Simba wawili wakubwa wa madini ya risasi waliokuwa mbele ya nyumba wako Stanley Park kule Blackpool mpaka leo, Stowe wamerudishiwa nakala. Na tukiongelea pesa tusiishie njiani: ukoo huu kwa njia ya ndoa ulikuwa na shamba la miwa la Hope kule Jamaica lililolimwa na watumwa. Hilo nalikumbuka kila nikitazama hivyo vitako vilivyonyooka. Simwambii mtu asiende, ila aende akijua.

Sasa upande wa ufundi, hapa nivumilieni kidogo. Jiwe la kuchonga mitungi ya nje England kwa kawaida ni jiwe la chokaa, Portland la Dorset ndo jina kubwa (kanisa la St Paul's London limejengwa nalo), Bath ni laini zaidi na rangi yake ya asali. Adui wa mtungi ni baridi akishirikiana na maji. Maji yakiingia kwenye vitundu vya jiwe yakaganda yanavimba kama asilimia 9, na hakuna jiwe linalopenda kusukumwa kwa ndani kila usiku wa Januari. Ndo maana bustani nyingi kubwa zikifika kipupwe wanaivalisha mitungi yao makoti ya turubai, wageni wanalalamika hawaoni kitu, mi naona wanafanya la maana. Adui wa pili ni chuma. Zamani vipande vya mtungi, yaani mguu, tumbo na mfuniko, vilikuwa vinashikizwa na vyuma ndani, chuma kikipata kutu kinavimba, jiwe linapasuka. Ukiona ufa umeanzia kwenye shingo ya mtungi na kuna doa la rangi ya kahawia, ndo hilo. Siku hizi wanatumia chuma kisichoshika kutu.

Na kuna jiwe ambalo sio jiwe. Bibi mmoja anaitwa Eleanor Coade, mwaka 1769 alichukua kiwanda kule Lambeth, London, akawa anatengeneza mapambo ya udongo maalumu, ndani yake wamechanganya udongo uliokwisha chomwa ukasagwa, mchanga na kioo, wanaukandamiza kwenye kalibu, fundi anasafisha michongo kwa mkono, halafu linaingia tanuru siku nne. Kinachotoka unaapa ni jiwe, na kwa baridi ni kigumu kuliko mawe mengi ya kweli, yule simba mweupe wa daraja la Westminster ni Coade na ni wa 1837, mtazame sharubu zake zilivyo kali mpaka leo. John Bacon wa mtungi wa Chatham alikuwa mtengeneza sanamu wa huyo mama pia, dunia ndogo. Pale Stowe msalaba wa Gothic wa 1814 ulikuwa wa Coade, mti ukauangukia miaka ya 1980, ukaja kujengwa tena 2016 na vipande vya zamani vimo humohumo. Mwanamke anaongoza kiwanda zaidi ya miaka hamsini wakati ule, na wateja wake ni wafalme! Kwangu mimi huyo ndo angestahili mtungi wake mwenyewe.

Nimeulizwa sana inbox kuhusu kununua, kwa hiyo nijibu hapahapa. Ukirudi nyumbani na hamu ya mtungi, ule wa kuchongwa kwa mkono bei yake usiulize kama hujakaa chini. Wanachonunua watu wengi ni jiwe la kumwaga, chokaa iliyosagwa na simenti ndani ya kalibu, na hilo halina aibu yoyote, likiwa zuri linakaa na baada ya misimu kadhaa linaota yale madoa ya kijivu na njano linaonekana la babu. Tatizo ni wauzaji. Kuna duka moja la mtandaoni, jina naliacha, liliniuzia mimi na mteja wangu mtungi wa "jiwe" kwa picha nzuri kweli, ulipofika dereva kaushusha kwa mkono mmoja. Mkono mmoja! Ni plastiki imepakwa vumbi la mawe, ukiugonga unalia kama ndoo. Upepo wa kwanza uliulaza chali kwenye vichaka vya mahonia. Kurudishiwa hela ilikuwa mieleka ya barua pepe.

Kwa hiyo kabla hujalipa, gonga kwa kifundo cha kidole, jiwe linajibu kwa sauti fupi nzito. Pitisha kidole chini ya ukingo wa mdomo, sehemu ambayo muuzaji hategemei utagusa, kama ni cha kalibu utausikia mshono mwembamba unaoshuka wima toka mdomoni mpaka mguuni, na vishimo vidogo vya hewa kama vya keki. Cha tindo hakina mshono, kina mikwaruzo midogo inayokwenda pamoja, na majani yaliyochongwa upande wa kushoto hayalingani sawasawa na ya kulia kwa sababu mkono wa mtu ulichoka. Halafu angalia tundu la chini. Mtungi wa mdomo wazi usio na tundu ni karai la kukusanyia mvua, baridi moja tu umekwisha. Na kitako chake kikae kwenye msingi, hata slabu moja juu ya kokoto zilizoshindiliwa, usiuweke kwenye nyasi mbichi, utainama, na mtungi ulioinama hata Bacon angechonga hauna heshima. Kuhusu maua ndani, ni wewe, mimi napenda utupu. Pale Stowe mitungi haijajazwa kitu na inasimama kwa umbo lake.

Mengine ya kujua kwa anayekwenda. Buckingham haina stesheni ya treni siku hizi, bila gari utahangaika na basi halafu kutembea ile barabara ndefu iliyonyooka mpaka kwenye tao kubwa la Corinthian, ni nzuri sana kuitazama ila mguu utausikia. Viatu vya matope, sio raba nyeupe, nimeshaona watu wanalia na raba nyeupe. Wazee wetu na wenye kiti cha magurudumu wapigieni simu kabla muulize njia zipi zinapitika, eneo ni kama ekari 250 na lina miteremko. Mke wangu ambaye mawe hayamhusu ndewe wala sikio alipenda daraja la Palladian na bata, akanisubiri huko nikimaliza kuzunguka mitungi yangu. Chai ya pale New Inn ni chai ya Kiingereza, ya rangi unaongeza maziwa mwenyewe, ukitaka ya kuchemsha na tangawizi beba chupa yako, lakini skonzi zao na jamu na ile krimu nzito chukua, tena chukua mapema.

Msimu mzuri kwa mitungi ni Novemba mpaka mwanzo wa Machi asubuhi, majani yameanguka, jua liko chini, na visiwa vya Octagon vinaonekana mpaka ndani. Kiangazi majani yanaficha nusu na watu wamejaa. Angalia tu tovuti yao siku moja kabla, kipupwe geti linafungwa mapema kuliko unavyodhani.